StingRay ya hambaka moja na ya hambaka mbili, miezi 3 nikiwa nazo zote

Nianze kwa kuwatoa wasiwasi wale ambao wakisikia pikapu wanawaza gari la kubebea mkaa. Hapa naongelea ile sumaku iliyozungushiwa waya inayokaa chini ya nyuzi za gitaa, ndo inayousikia uzi ukitikisika na kupeleka sauti kwenye ampu, ile spika ya kukuzia sauti. Hambaka ni pikapu yenye koili mbili ndani yake badala ya moja, na StingRay ni gitaa la besi. Haya, tuendelee.

Binamu yangu anaishi Hamburg, Disemba alikuja kula sikukuu nyumbani na akaja na besi yake, Music Man StingRay HH, yaani yenye hambaka mbili, moja karibu na shingo na nyingine ile ya kawaida ya upande wa daraja, yaani pale chini nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Mimi ninayo StingRay ya hambaka moja, huu mwaka wa tisa niko nayo, niliinunua mkononi kwa mpiga besi mmoja aliyekuwa anahama nchi, mgongoni imechubuka yote kwa vyuma vya mikanda na vifungo vya makoti ya sare. Siku moja mazoezini Sinza binamu akaiomba hii yangu aipige, akapiga nyimbo tatu, akanyamaza, baadae tukiwa tunakula chipsi ananiambia kaka tubadilishane, kichwa kwa kichwa, mi nachukua hii yako iliyochakaa we baki na HH.

Sasa HH yake ni mpya kuliko yangu, haina mkwaruzo, ina pikapu mbili na swichi ya hatua 5, nani atakataa? Bendi nzima wakanicheka kwa kusitasita. Drama wetu, yaani mpiga ngoma, akasema hii hesabu hata ya darasa la pili wanaiweza, mbili ina moja ndani yake, ukiitaka StingRay ya kawaida unarudisha swichi kwenye pikapu ya daraja unayo, ukitaka kingine unacho. Nikamwambia binamu niachie mpaka mwisho wa Machi nitakupa jibu. Kwa hiyo hii miezi mitatu nimekuwa nazunguka na makesi mawili kama mganga, kwenye harusi, kwenye ibada ya Jumapili, kumbi mbili za rumba na kazi chache za taarab, na haya ndo niliyoyaona.

Kwanza historia kidogo maana inasaidia kuelewa hii besi kwa nini iko ilivyo. Hambaka yenyewe ni kazi ya Seth Lover akiwa kampuni ya magitaa ya Gibson, mwaka 1955, na shida aliyokuwa anaitatua ni mngurumo. Pikapu ya koili moja inaokota umeme wa ukutani kama redio. Akaweka koili mbili, ya pili sumaku imegeuzwa na waya umegeuzwa vilevile, basi sauti ya uzi inajumlishwa lakini ule mngurumo wa nje unaingia huku na huku kinyume unajifuta. Kwa sisi wapiga besi hili sio jambo dogo, umeme wetu hapa ni hezi 50 na noti ya G kwenye freti ya 3 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo) ya uzi wa E ni hezi 49, sasa we piga G ndefu kwenye besi ya koili moja, ukumbi wenye nyaya za hovyo na taa za disko, uone noti yako inavyopigana na mngurumo wa ukutani kama mbuzi wawili kwenye daraja la mti mmoja.

StingRay ilitoka 1976, na Leo Fender, yule wa magitaa ya Fender, alikuwemo, alikuwa ameshauza kampuni yake ya mwanzo kwa CBS mwaka 1965. Besi moja, hambaka moja kubwa yenye vichwa vya sumaku vinene, na ndani priampu, kikuza sauti kidogo cha ndani, ya betri ya volti 9, kitu ambacho kwa besi za kiwandani miaka ile kilikuwa kigeni kabisa. Ernie Ball waliichukua kampuni ya Music Man 1984 na ndo wanayo mpaka leo. Bernard Edwards wa bendi ya Chic alipata nayo ile sauti ya disko ambayo watu wanaiiga mpaka kesho, na Pino Palladino alikuwa na ya kwake isiyo na freti. Hizi za HH zimekuja baadae sana, miaka ya 2000, kwa hiyo kwa karibu miaka 30 watu walitoka na pikapu moja tu na hakuna aliyelala njaa.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho nilikuwa nakijua nusunusu na hii miezi mitatu imenikalisha chini nikakielewa. Swali la hambaka moja au mbili sio swali la ngapi, ni swali la wapi. Mkumbuke kamba ya kuruka tuliyokuwa tunachezea shuleni, pale alipoishika mtu kamba inasogea kidogo tu, kule katikati inapiga duara kubwa. Uzi wa besi ndo hivyohivyo. Karibu na daraja umekazwa, unatikisika kidogo, unachosikia pale ni makali, ile mibofyo ya vidole, sauti inayokata. Ukisogea kwenda shingoni uzi unafunguka, unapata besi nene ya duara na ukali unapotea. Pikapu inasikia kile kinachopita juu yake tu. Ndo maana Gibson EB-0 za miaka ya 60, nazo zina hambaka moja, lakini imekaa shingoni kabisa, sauti yake ni tope, wengine wanalipenda hilo tope siwakatazi, ila ni besi ya hambaka moja sawasawa na StingRay na hazifanani hata kwa bahati mbaya. Pikapu ya StingRay iko mahali fulani pa katikatikati, haijabanana na daraja na haijafika shingoni, nadhani siri yote ya hii besi ni ile sehemu tu.

Kwa hiyo HH haikuongezei nguvu kama watu wanavyodhani. Inakuongezea mahali pa pili pa kusikilizia uzi. Na ile swichi inakupa mchanganyiko, hambaka ya daraja peke yake, ya shingo peke yake, zote mbili, halafu hatua mbili za katikati ambazo zinachukua koili moja ya huku na koili moja ya kule. Zote tano zilikuwa kimya hata pale kwenye ukumbi mmoja ambao soketi ya jukwaani tulikuwa tunachangia na friji la soda.

Twende kazini sasa.

Kanisani. Hapa nilidhani HH itang'ara maana nyimbo za kusifu zinaruka kutoka taratibu mpaka moto ndani ya dakika kumi. Jumapili ya kwanza nikaweka zote mbili, nyumbani ilikuwa tamu ajabu, nene chini inameta juu, nikasema aisee nimebadilishiwa maisha. Kufika kanisani kinanda kinapiga mkono wa kushoto, kiki, ile ngoma kubwa ya mguuni, kwaya ya watu thelathini na kitu, besi yangu ikapotea, yaani natazama vidole vyangu vinatembea na sisikii kitu. Fundi wa saundi ananiinulia tu, nikapata kishindo kisicho na noti. Sababu ni kwamba ukiwasha pikapu mbili, kila moja inausikia uzi tofauti, na baadhi ya sauti za kati, ndo tunaziita midi, zikikutana zinafutana, midi inazama. Ukiwa peke yako chumbani huo mzamo unausikia kama utamu, kwenye bendi midi ndo mahali besi inapoishi. Nikarudisha swichi kwenye daraja peke yake, palepale nikarudi duniani, mpaka mpiga kinanda aligeuka. Wiki iliyofuata nikaja na ya kwangu ya hambaka moja, sikugusa kitu chochote ibada nzima.

Harusi ni hadithi ileile ila ndefu. Harusi zetu mnazijua, kuna ndombolo, kuna gospo, kuna bongo fleva za MC kuomba ghafla, kuna ile ya kutoa zawadi ambayo haina mwisho. Nilijiwekea zoezi, kila nikibadilisha swichi nachora kijistari kwenye karatasi niliyobandika nyuma ya ampu. Harusi nne. Mistari mingi kabisa ilikuwa daraja peke yake. Iliyofuata ni ile ya koili mojamoja za ndani. Zote mbili kwa pamoja nilitumia pale wageni wanakula, bendi inapiga chinichini na hakuna anayetusikiliza, hapo kweli inapendeza. Shingo peke yake kwenye harusi karibu sifuri.

Rumba ndo palipoanza kunichanganya. Besi ya rumba haitaki ukali, inataka mpigo mfupi wenye mwili, ukae kwenye mguu wa kiki na konga zipite juu yako, halafu sebene ikifunguka uweze kukimbia bila noti kushikana. Zile koili mojamoja za HH pale ni asali. Sio nene sana sio kali sana, kila noti ina ukingo wake, nikishika uzi wa A freti ya 5 na kuukata kwa kiganja inatoa ule mdundo ambao wazee kwenye meza za mbele wanatikisa kichwa bila kujijua. Nilipiga usiku mzima hivyo na nikasema haya basi, tumebadilishana, kesho nampigia binamu.

Ijumaa iliyofuata ukumbi uleule nikaja na ya kwangu makusudi. Nikapunguza trebo, yaani sauti kali za juu, karibu yote, nikahamisha mkono wa kulia nikawa napigia mwisho wa shingo, juu ya freti za mwisho. Na unajua nini, nikaipata. Sio ileile asilimia mia, labda hatua moja nyuma, lakini niliipata, na sebene ilipofunguka nikarudisha mkono daraja nikapata makali bila kutafuta swichi yoyote. Nilichogundua ni kwamba miaka tisa ya pikapu moja imenifundisha kubadilisha sauti kwa kuhama mkono, na ile HH ilikuwa inanifundisha kubadilisha sauti kwa kuinama kutazama swichi. Mkono haupotezi beti, swichi hupoteza, na nilishapotea mara mbili kwenye harusi nikivuka hatua moja zaidi ya niliyotaka.

Taarab sasa, hapa lazima niseme ukweli wangu, HH iliiacha ya kwangu mbali. Mle bendini kuna vinanda viwili na kila kimoja kinapiga kelele, mwimbaji anataka nafasi, besi inatakiwa iwe kama zulia. Taarab asilia ya Zanzibar mpaka leo kuna wanaotumia besi kubwa la kusimama, lile la mbao la kuvutwa kwa vidole, na sikio la msikilizaji wa taarab linaitaka sauti ya aina hiyo. Hambaka ya shingo peke yake, trebo chini, kipande cha sponji chini ya nyuzi pale kwenye daraja, mzee mmoja mpiga fidla alinijia baada ya onesho akaniuliza kwani leo umekuja na besi gani kijana. Ya kwangu haiwezi hata nikipigia mkono wapi, pikapu iko pale ilipo na itausikia uzi wa pale tu. Mkono unabadilisha mengi ila hauwezi kuhamisha sumaku.

Halafu ile hesabu ya darasa la pili ya drama, tuliijaribu. Jioni moja mazoezini nikawafanya wote waipe ampu mgongo, drama, mpiga solo, na dada yetu mwimbaji. Nikapiga kipande kilekile, kwanza ya kwangu, halafu HH kwenye daraja peke yake, nikibadilishabadilisha bila kuwaambia. Nilihakikisha nyuzi za zote mbili ni za aina moja na zimefungwa siku moja, maana nyuzi mpya zinaweza kudanganya kuliko pikapu. Drama alikosea karibu kila mara huku anajiamini kabisa. Mpiga solo alisema ya kwangu ina koo zaidi, ila mara moja akaotea vibaya akanyamaza. Kwa sikio langu mimi tofauti ipo ila ni ndogo, na sehemu yake inatokana na priampu, HH hii ina vitufe vya besi, midi na trebo, ya kwangu ina vya besi na trebo tu. Nikaweka na ya shingo katikati ya jaribio, dada yetu hapohapo akasema hiyo sitaki, hiyo inaniziba. Kwa hiyo kwa sauti, drama alikuwa sahihi, HH ina StingRay ya kawaida ndani yake au ndugu yake wa tumbo moja.

Ila kwa mkono hakuwa sahihi. Ile hambaka ya pili imekaa palepale ambapo mimi nikipiga slepu, ule mtindo wa kugonga na kuvuta nyuzi, vidole vinazama chini ya uzi kuuvuta. Kwenye ya kwangu pale kuna uwazi, kidole kinaingia kinatoka. Kwenye HH kidole kinagonga plastiki, na wiki mbili za kwanza nilikuwa napiga kama mtu aliyevaa glovu. Unaweza ukaishusha pikapu kwa bisibisi kidogo, nilifanya hivyo, ikasaidia kiasi lakini sauti yake nayo ikashuka ikawa haijalingana na mwenzake. Kwa upande mwingine kama wewe hupigi slepu, unapiga kwa vidole tu, ile pikapu ya shingo ni mahali pazuri pa kuegesha dole gumba, kwenye ya kwangu nikipigia shingoni dole linaning'inia hewani au nalitegemeza kwenye uzi wa E.

Betri nalo niliseme maana wanaoanza huwa hawaambiwi. Besi hizi zote mbili hazina njia ya kupiga bila betri, ikifa umekufa. Na inaanza kutumika ukichomeka tu waya wa gitaa, hata usipopiga. Mimi niliacha waya umechomekwa tangu Alhamisi, Jumamosi bibi harusi anaingia, wimbo wake wa kuingilia, besi ikaanza kukoroma kisha kimya. Nimepiga besi miaka yote hii na nimefanya kosa la mtoto. Chomoa waya, na weka betri ya akiba kwenye kesi, zile za mraba za volti 9 duka la usiku la mtaani wala hawana.

Kuna maneno mitandaoni kwamba StingRay uzi wa G husikika mwembamba kuliko wenzake. Kwangu sijawahi kuliona kuwa tatizo, si kwenye ya moja si kwenye ya mbili, kurekebisha urefu wa pikapu na daraja kunamaliza sehemu kubwa ya hizo kesi.

Nani achukue ipi basi. Kijana unayeanza au unayepiga kanisani na unataka besi ambayo ukichomeka inasikika kwenye bendi bila kuomba msamaha, hambaka moja, na hela utakayobakisha nunua nyuzi na waya mzuri. Studio vilevile, maprodyuza niliofanya nao kazi wananiambia ile moja inakaa yenyewe kwenye miksi. Kama wewe ni mtu wa kukodishwa, leo taarab kesho rumba keshokutwa kopi za wazungu hotelini, na mkono wako hauna mazoea ya slepu, HH itakulipa, ila tafadhali usipige na zote mbili zimewashwa halafu ulaumu fundi wa saundi. Na ukikuta mtu anauza besi yoyote ya hambaka mbili, iwe Thunderbird ya Gibson iwe nyingine, usifikiri zote ni ndugu za hii, Thunderbird kwa mfano imetoka 1963 haina priampu ndani na pikapu zake zimekaa kivyake, hiyo ni dunia nyingine kabisa, ipige kwa masikio yako kabla hujatoa hela.

Binamu alipiga simu juzi toka Hamburg kutaka jibu. Nikamwambia besi yangu sikupi. Akacheka, akasema basi HH yangu mpe shangazi anakuja huku mwezi wa tano ataniletea. Nikamwambia sawa hamna neno, ila kuna taarab tatu zimeshalipiwa advansi mpaka katikati ya mwezi wa sita, kwa hiyo shangazi atangulie tu.